Majani ya Usambara, Moto wa Berlin

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 ndege za Uingereza ziliushambulia mji wa Berlin, na mabomu yao yakaliwasha moto jengo la makumbusho ya mimea katika mtaa wa Dahlem. Humo mlikuwa na mamilioni ya mimea iliyokaushwa, kila mmoja umebandikwa kwenye karatasi ngumu yenye jina, mahali ulipochumwa na tarehe. Sehemu kubwa iliteketea. Katika majivu yale yalikuwamo majani, maua na magome ya Mlalo, Kwai na Lutindi, huku Usambara, Tanzania, yaliyoshuka milimani vichwani mwa wapagazi katika miaka ya 1890, kabla reli haijafika Mombo. Kwa wataalamu hasara hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu mengi ya majani hayo ndiyo yaliyotumika kuupa mti jina lake la kisayansi kwa mara ya kwanza. Watu wakibishana kuhusu mti, hurudi kwenye jani lile. Likiungua, ubishi unakosa hakimu.

Hakimu aliponea mahali pengine. Waliokusanya mimea ile hawakuipeleka yote Berlin peke yake. Matawi ya mti uleule, yenye namba ileile, yalikuwa yamegawiwa kwa hebaria nyingine, yaani maghala ya mimea iliyokaushwa, ikiwamo ile ya Kew kule London. Vilivyogawanywa vikabaki, na vilivyowekwa nyumba moja vikaisha.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Lushoto mjini, si mtaalamu wa mimea. Kibanda changu kiko karibu na stendi. Natengeneza printa, napiga fotokopi, naweka programu, na mara kwa mara naletewa diski iliyokufa na mwalimu au karani anayetokwa jasho baridi, kwa sababu mitihani ya shule nzima imo ndani na hakuna nakala. Kazi hii humzoeza mtu kuitazama historia kwa jicho la nakala: nani anayo, iko wapi, na nani ameachwa mikono mitupu. Vijana huja kuniuliza habari za wanasayansi wanaounganisha maelfu ya kompyuta za watu baki ili zifanye hesabu moja kubwa, na wote hudhani ni jambo la juzi. Mashine ndizo za juzi. Mtindo wenyewe, wa kuigawa kazi ya sayansi kwa mikono mingi na maghala mengi, upo Usambara tangu enzi za wapagazi, na faida zake na dhuluma zake tunazijua.

Carl Holst alikuwa mtunza bustani kijana wa Kijerumani. Kati ya 1891 na 1893 alizunguka milima hii akikusanya mimea, na mwaka 1894 akafariki. Aliyoyakusanya yalimfikia Adolf Engler, bingwa wa mimea wa Berlin, ambaye aliyapa majina bila kuwa amewahi kuuona mlima wetu; alifika mwenyewe mwaka 1902. Mkulo, mti ambao wazee wetu waliupasua mbao kwa vizazi, ukaingia vitabuni kama Ocotea usambarensis. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, na mwaka 1893 ua hilo likaitwa Saintpaulia kwa jina la familia hiyo. Leo linauzwa ndani ya vyungu Ulaya na Marekani, na biashara yake ni kubwa. Huku kwetu bado liko kwenye miamba.

Marehemu baba yangu aliijua kazi ya kukusanya mimea kwa mabega yake. Kila walipofika watu wa majani, kama walivyowaita, yeye na wenzake walichukuliwa vibarua katika misitu ya Magamba na Shume. Kijana mwepesi alipanda mtini na panga. Tawi likishuka, lilitandazwa katikati ya magazeti, likabanwa kwenye presi ya mbao kwa mikanda, na jioni presi ikawekwa juu ya moto wa makaa ili unyevu utoke kabla ukungu haujaingia, kwani huku juu nguo tu hukaa siku kadhaa bila kukauka. Mkusanyaji hodari, baba alikuwa akisema, hakati tawi moja. Hukata manne au matano ya mti uleule na kuyapa namba moja. Moja hubaki nchini, mengine husafiri. Kisha mzee anayejua miti huulizwa jina la Kisambaa na matumizi, nayo huandikwa kwenye kikaratasi pembeni. Jina la mzee mara nyingi halikuandikwa.

Mwaka ule wa 1902 aliokuja Engler, Wajerumani waliifungua taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, ikiongozwa na Franz Stuhlmann na baadaye Albrecht Zimmermann. Ilikuwa na maabara, maktaba, hebaria na mashamba ya majaribio ya mimea kutoka kila pembe ya dunia ya joto. Kazi yake kubwa kwa nje ilikuwa kugawa mbegu na miche. Vita vya Kwanza vilipozifunga bahari, Amani iligeuka kiwanda: magome ya mikwinini iliyopandwa hapo yakatoa dawa ya malaria kwa jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck. Waingereza waliichukua mwaka 1916, na kwa miaka kadhaa wakaiacha ilale. Tume iliyoongozwa na William Ormsby-Gore, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ililaumu vikali hali hiyo.

Kilichofuata kinanivutia kuliko mengine. Amani ilipoamshwa mwaka 1927 chini ya William Nowell, haikuwa tena mali ya nchi moja. Iligharimiwa kwa pamoja na serikali za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ili itafiti yale ambayo hakuna nchi moja iliyokuwa na fedha za kuyatafiti peke yake. Ndiyo hesabu inayofanywa leo na vyuo vinavyochangia kompyuta moja kubwa. Kila mmoja hutoa kidogo na hutumia kwa zamu, maana chombo chenyewe ni ghali mno kukaa bila kazi nyumbani kwa mtu mmoja.

Mfano mmoja ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani. Mwaka 1936 alitoa ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki. Asingeweza kuupima udongo wote huo peke yake. Wenzake wa nchi jirani walipima kwao, na vipimo vikaletwa kwake viunganishwe. Ugumu ulikuwa jinsi ya kuchora kwenye karatasi ndogo udongo unaobadilika kila hatua chache. Milne alitambua kwamba mabadiliko hayo yana mpangilio. Juu ya kilima kuna udongo wa namna hii, kwenye mteremko wa namna ile, bondeni mweusi unaoshika maji, na kilima kinachofuata hurudia mfuatano uleule. Basi badala ya kuchora kila kipande, alichora mfuatano. Mkulima wa Soni au Bumbuli hahitaji kuelezwa hili; anajua mahindi apande wapi na mboga za bondeni zikae wapi. Lakini kulifanya kuwa kanuni inayotumika kutoka Zanzibar hadi Uganda kulihitaji vipimo vya watu wengi vilivyoandikwa kwa utaratibu mmoja. Bila utaratibu mmoja, data za watu kumi ni kelele kumi.

Mfano wa pili ni muhogo. Mwaka 1928 alifika Amani H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea. Magonjwa mawili yalikuwa yakimaliza mihogo: batobato, inayokunja na kutia majani madoa ya njano, na michirizi kahawia, inayoozesha kiazi ardhini huku mmea ukiendelea kupendeza juu. Storey ndiye aliyeieleza michirizi kahawia kisayansi, mwaka 1936. Yeye na R. F. W. Nichols waliuzalisha muhogo na jamaa zake wa mwituni, hasa Manihot glaziovii, ule mti wa mpira uliopandwa kwa wingi na Wajerumani. Chotara wa kwanza hawakuwa na mizizi ya kulika. Wakarudishwa tena na tena kwenye muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi ukapatikana mmea wenye kiazi cha kufaa na uvumilivu wa ugonjwa. Kazi hiyo ilifungwa mwaka 1957.

Ingekuwa mbegu zote zimekaa Amani, habari ingeishia hapo. Lakini katika miaka ya 1950 mbegu zilipelekwa nchi nyingine, Nigeria ikiwamo. Huko Ibadan ulichaguliwa mmea mmoja uliopewa namba 58308, na taasisi ya kimataifa ya IITA ilipoanza kuzalisha mihogo katika miaka ya 1970, mmea huo ulikuwa miongoni mwa wazazi wake wakuu. Wajukuu wake ni mbegu za TMS. Batobato kali ilipoifagia Uganda katika miaka ya 1990 na watu wakalala njaa, mbegu zilizosaidia kuirudisha mihogo mashambani zilikuwamo hizo, kama TMS 30572, ambayo Waganda waliiita Nase 3. Kazi iliyoanzia kwenye mteremko wa Usambara ilizunguka kupitia Afrika Magharibi, ikarudi kwa jirani yetu baada ya miaka 60. Nakala ya mbali iliokoa nyumbani.

Hadi hapo, kugawana kulikuwa na sifa tupu. Tazama sasa upande wa pili. Mwaka 1948 ofisi za kikoloni ziliamua kwamba utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki uhamie Muguga, karibu na Nairobi, barabara na uwanja wa ndege vilipokuwa. Watafiti walihama, na mwaka 1950 hebaria ya Amani ikahamishiwa Nairobi. Katika hebaria hiyo zilikuwamo kazi za P. J. Greenway, mtu aliyetoa Amani mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili na ya kisayansi, kitabu kilichojaa maarifa ya wazee wa pwani na wa milimani. Majengo ya Amani yalipewa watafiti wa malaria, na taasisi yao mpya nayo ikawa ya Afrika Mashariki nzima.

Kwa miaka mingi mpango huo ulikwenda vizuri. Kutoka Nairobi, Kew na Afrika Mashariki yote kilianza kuandikwa kitabu cha mimea yote ya Tanzania, Kenya na Uganda, Flora of Tropical East Africa. Sehemu za kwanza zilitoka mwaka 1952 na za mwisho mwaka 2012, na spishi zaidi ya 12,000 zikawa zimeelezwa na wataalamu wa nchi nyingi, kila mmoja akipewa familia yake ya mimea. Miaka 60 ya kazi iliyogawanywa vipande!

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mitambo na vitabu vilivyokuwa vya wote vikawa vya aliyevikalia. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyetaka kuliona jani lililochumwa Amani, kilomita chache kutoka kwao, alikuta liko ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Halikuungua. Lilikuwa salama kabisa, ila mikononi mwa mwingine. Fundi anajua hali hiyo pia: faili lipo, ila nywila anayo mtu aliyehama.

Bahati njema, hapa Lushoto palikuwa na kituo cha utafiti wa misitu chenye hebaria yake ndogo, ambacho tangu 1980 kiko chini ya TAFORI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu. Baba na wenzake walikuwa wamebeba matawi yanayobaki pamoja na yale yanayosafiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa na hebaria. Kwa nakala hizo Watanzania waliendelea kufanya kazi. Tangu nilipoyaelewa haya, sijaisikiliza tena sentensi ya kwamba kitu kiko salama sehemu fulani bila kuuliza sehemu hiyo mlango wake unafunguliwa na nani.

Watu wa malaria waliobaki Amani, ambao mwaka 1979 waliingizwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR, walikuwa wakikusanya kitu kisichobandikika kwenye karatasi ngumu. Walihesabu mbu na vimelea. Milima yetu ni kipimo kilichotengenezwa na Mungu kwa kazi hiyo, maana ukipanda kutoka Korogwe au Mombo kuja huku juu unapita kutoka joto la homa hadi baridi ya masika, kwa saa chache tu. Watafiti waliweka mitego ya taa katika vijiji sita, kutoka tambarare hadi juu, wakahesabu mbu wenye maambukizi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba uambukizaji kule chini ulizidi wa huku juu kwa zaidi ya mara 1,000. Tauni nayo, iliyozuka Lushoto mwaka 1980 na kurudi tena na tena hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliacha maelfu ya mistari katika madaftari ya zahanati: jina, kijiji, tarehe, mtoki, amepona au amekufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Ubelgiji waliyachukua madaftari hayo, wakayaingiza kwenye kompyuta na kuchora ni vitongoji gani hurudiwa na ugonjwa na kwa nini.

Hapo ndipo hesabu ilipoishinda karatasi. Ukitaka kujua malaria itapungua kiasi gani ukigawa vyandarua, au ukichanja watoto, huwezi kujaribu kila njia kwa watu halisi. Unatunga kijiji ndani ya kompyuta, chenye watu maelfu, kila mmoja na umri wake, kinga yake na idadi ya mbu wanaomuuma, kisha unakiendesha kwa miaka mingi ya kubuni. Unabadilisha kitu kimoja, unakiendesha tena. Majaribio yakifika mamilioni, kompyuta ya chuo kimoja inazeeka kabla haijamaliza.

Wamarekani wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wamefungua njia mwaka 1999 kwa mradi wa SETI@home, uliotafuta ishara za viumbe wa mbali katika mawimbi ya redio kwa kutumia kompyuta za watu wa kawaida zilipokuwa hazina kazi. Kutoka hapo ikatokea programu ya BOINC, inayomwezesha mtafiti yeyote kufanya vivyo hivyo. Taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Basel, Uswisi, ikishirikiana na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, ikaitumia kwa malaria. Katika miaka ya 2005 na 2006 mradi wao wa malariacontrol.net ulifunguliwa kwa umma, na uliendelea hadi 2016. Basel hawakuwa wageni wa Tanzania. Rudolf Geigy alikuwa amefungua maabara yao Ifakara mwaka 1957. Hesabu za kijiji chao cha kubuni zililishwa kwa takwimu halisi, na baadhi zilitoka bonde la Kilombero, kwenye damu na mbu wa vijiji kama Namawala.

Mimi niliijua programu hiyo mkonga wa baharini wa SEACOM ulipokwisha kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na bei ya intaneti ikaanza kushuka hadi kwetu. Nilikuwa na kompyuta kadhaa za wateja kibandani, nazo asubuhi ya siku ya soko zilikaa bure, kwa kuwa watu wote walikuwa kwenye mboga na viazi. Nikaiweka. Mashine ilivuta kazi ndogo kutoka Basel, faili jepesi ambalo hata modemu ya simu iliweza kulishusha, kisha ikajifungia na kuhesabu kwa saa nyingi, na mwisho ikarudisha majibu machache. Kazi ileile ilipelekwa pia kwa mashine ya mtu mwingine, labda Poland, labda Brazil, na majibu yakalinganishwa, kwa sababu kompyuta ya mtu usiyemjua inaweza kuwa mbovu au mwenyewe akawa mwongo. Yalipofanana ndipo yalipokubaliwa. Umeme ulipokatika sikupoteza chote. Programu ilikuwa ikiandika kila mara mahali ilipofikia, ikarudi na kuendelea kutoka pale. Wateja walicheka kuona namba zinakimbia zenyewe kwenye kioo. Mama mmoja muuza ndizi aliuliza nalipwa shilingi ngapi. Nikamwambia silipwi, nalipa mimi, maana uniti za LUKU zinakwenda. Akasema, "Basi mwanangu, hiyo ni ngemo."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Huku kwetu shamba lililomzidi mtu hulimwa kwa ngemo: mwenye shamba hupika, majirani huja kila mmoja na jembe lake, na jua likipanda pamekwisha limwa. Lakini ngemo ina sharti ambalo sayansi ya kugawana huliruka. Kesho ni zamu ya shamba langu.

Je, zamu yetu ilifika? Kwa kiasi, ndiyo, na ni haki kusema hivyo. Korogwe, chini tu ya mlima, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000, kuanzia 2009 hadi 2014. Bagamoyo ilikuwa kingine. Matokeo ya majaribio hayo yaliingizwa katika hesabu za vikundi vinne vya watafiti, kile cha Basel kikiwamo, ili kukadiria chanjo itaokoa watoto wangapi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Damu ya mtoto wa Korogwe, daftari la karani wa zahanati na umeme wa watu waliojitolea duniani kote vilichangia kitu kimoja chenye faida. Mwanasayansi wa Basel peke yake asingekifanya, wala daktari wa Korogwe peke yake.

Ila ukiangalia mpangilio, ni uleule wa Holst. Huku hukusanywa, kule huhesabiwa na kupewa jina. Wapagazi walibeba, mbu walihesabiwa na vijana wa kijijini waliokesha, madaftari yalijazwa na wauguzi, na kompyuta yangu ikatoa jasho. Programu ya kuuliza maswali, uamuzi wa kipi kihesabiwe na nakala kamili ya data vilikaa mbali. Sisemi kwamba mtu alituibia. Nasema kugawana kazi na kugawana nakala ni mambo mawili, na kwa miaka zaidi ya 100 tumekuwa hodari wa la kwanza.

Vifaa vya kulitimiza la pili sasa vipo. Shirika la GBIF, lililoanza mwaka 2001 na kuwa na makao Copenhagen, linaunganisha rekodi za viumbe kutoka hebaria na makumbusho ya dunia bila kuzihamisha kutoka kwa wenyewe. Tanzania imo kupitia TanBIF iliyo chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtoto wa sekondari ya Lushoto akiandika Mlalo kwenye simu yake anaweza kuona picha ya karatasi ya Kew yenye mwandiko wa karne ya 19. Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, kina kompyuta kubwa iitwayo Param Kilimanjaro, iliyopatikana kwa ushirikiano na India. Vijiji vya kubuni vya malaria si lazima viendeshwe Ulaya. Vijana wanaoweza kuandika programu wapo, na baadhi hulala njaa mjini wakitafuta kazi ya kuweka nyimbo kwenye simu za watu.

Kinachokosekana ni sharti la ngemo kuwekwa kwenye karatasi. COSTECH ndiyo inayotoa vibali vya utafiti nchini. Kibali cha mtu anayekuja kuchukua majani, udongo, mbu au madaftari ya Usambara kiwe na kifungu kimoja cha ziada: kabla hajaondoka, nakala kamili ya alichokusanya, ikiwa imefutwa majina ya wagonjwa, ibaki hapa wilayani, kwenye hebaria ya misitu, hospitali ya wilaya au chuo, na kijana mmoja wa hapa afundishwe kuifungua na kuifanyia hesabu. Jina la mzee aliyeutaja mti liandikwe kwenye kikaratasi, si jina la mti tu. Gharama yake ni ndogo. Diski ya kutosha data ya mradi mzima wa vijiji sita inauzwa Tanga kwa bei ya mbuzi wawili.

Nimeshawaambia hivyo watafiti wanaopita kibandani kupiga fotokopi za dodoso zao. Wengine hucheka kwa adabu, na wengine hurudi na fleshi mkononi. Kwa wote maneno yangu ni yaleyale: karibuni, mlima ni wenu pia, lakini mkija kuchukua namba zetu, njooni na diski ya pili.